Kishika Mwendo Kinapogoma: Pikapu Kuukuu katika Barabara za Oman

Safari hii makala yanaelekea Muscat, mji mkuu wa Oman, mahali ambapo Kiswahili bado husikika majumbani, sokoni na katika baraza za wazee, na ambapo pikapu kuukuu ni mali ya kutunzwa kwa mvuvi, mkulima wa mitende na mwenye duka vilevile. Mada ni kifaa ambacho wenye magari wengi hawakikumbuki mpaka siku kinapokataa kazi katikati ya jangwa: kile kinachoshika mwendo wa gari bila dereva kukanyaga mafuta.

Anayetoka Muscat kwenda Salalah kwa gari hukabiliwa na masafa ya takriban kilomita 1,000. Mwanzo wa safari una mengi ya kutazamwa. Milima ya Hajar humsindikiza msafiri kupitia bonde la Sumail mpaka Nizwa, na mitende haikosekani. Baada ya mji wa Adam milima hukoma. Kutoka hapo, kupitia Haima hadi Thumrait, kwa mamia ya kilomita, ardhi ni tambarare, rangi ni moja, na barabara imenyooka kama uzi uliovutwa. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya barabara hiyo ilikuwa na njia moja tu ya kwenda na moja ya kurudi, na sifa yake mbaya kwa ajali ikaenea Ghuba nzima. Ngamia huivuka usiku kwa utaratibu wao wenyewe. Mwendo unaoruhusiwa katika barabara kuu nyingi za nchi hiyo ni kilomita 120 kwa saa, na kamera za rada hazina upungufu.

Katika masafa kama hayo mguu wa kulia huchoka kabla ya macho. Unapochoka, hubonyea bila mwenyewe kujua, na gari lililokuwa kwenye 115 likafika 135. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Ghuba yalifungwa kengele inayolia pindi mwendo unapopita 120, na wapo madereva walioikata waya kwa kuchoshwa na kelele zake. Kifaa cha kushika mwendo hufanya kazi hiyo kwa upole zaidi: dereva hufikia mwendo autakao, hubonyeza kitufe, huondoa mguu, na injini hujitunza yenyewe.

Hapa inafaa kusimama kidogo juu ya jina. Waarabu wa Ghuba hukiita kifaa hiki muthabbit as-sur'a, yaani kile kinachothibitisha mwendo usiyumbe. Kwa Kiswahili mambo hayajatulia. Wengine husema kruzi, wengine kidhibiti mwendo. Lakini msikilizaji wa Nairobi au Dar es Salaam akisikia kidhibiti mwendo, fikra zake huenda kwenye jambo jingine kabisa: kile chombo ambacho Kenya ilikilazimisha katika matatu na mabasi mwaka 2004, chini ya kanuni zilizobeba jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, ili yasivuke kilomita 80 kwa saa. Chombo kile humkataza dereva kuzidi. Hiki kinachozungumzwa leo humsaidia asizidi wala asipungue, na humwachia hiari. Kwa hiyo makala haya yatakiita kishika mwendo.

Aliyekibuni hakuwahi kuendesha gari barabarani. Ralph Teetor alizaliwa mwaka 1890 katika jimbo la Indiana, Marekani, na akapoteza uwezo wa kuona akiwa na umri wa miaka mitano kwa ajali ya kisu. Hilo halikumzuia kusomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, wala kuongoza chama cha wahandisi wa magari wa nchi yake mwaka 1936, wala kuwa mkuu wa kampuni ya kutengeneza ringi za pistoni. Inasimuliwa kwamba wakili wake alikuwa na tabia ya kupunguza mwendo kila anapozungumza na kuuongeza kila anaponyamaza, na abiria wake asiyeona, ambaye mwili wake ulihisi kila mshtuko, akaamua kutafuta dawa. Alipewa hataza mwaka 1950. Magari ya kwanza ya Chrysler kufungwa kifaa hicho yalitoka kiwandani kwa toleo la mwaka 1958. Wazo la ndani yake, la mashine kujipima na kujirekebisha, ni la zamani zaidi: James Watt aliitumia kanuni hiyo katika injini za mvuke karne ya 18.

Oman haikuwa na haja ya kifaa hicho wakati huo. Sultan Qaboos bin Said aliposhika hatamu tarehe 23 Julai 1970, nchi nzima ilikuwa na takriban kilomita 10 tu za barabara ya lami, na malango ya Muscat yalikuwa yakifungwa usiku. Waomani wengi waliokuwa wameishi Zanzibar na kwingineko Afrika Mashariki, na ambao maisha yao yalivurugwa na Mapinduzi ya Januari 1964, waliitikia mwito wa kurudi kuijenga nchi. Walirudi na Kiswahili chao, na watoto na wajukuu wao bado wanakizungumza. Barabara ziliporefuka, pikapu ikachukua nafasi ya punda na ngamia: ya kubebea samaki kutoka Quriyat, tende kutoka Nizwa, mbuzi kutoka kila mahali. Leo hii, katika mitaa ya gereji kama Wadi Kabir na Ghala, pikapu za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 bado huegeshwa kwenye foleni: Toyota Hilux, Nissan, na zile za Kimarekani zenye vifua vipana, Ford F-150, Chevrolet na GMC. Nyingi katika hizo za Kimarekani zilizaliwa na kishika mwendo. Si nyingi ambazo bado kinafanya kazi.

Mafundi wa gereji hizo wengi wametoka India, Pakistan na Bangladesh, na lugha ya kazi ni mchanganyiko wa Kiarabu na Kiurdu uliokatwakatwa. Mzee aliyezaliwa Ng'ambo, Unguja, anaweza kulazimika kueleza maradhi ya gari lake kwa lugha tatu na mikono miwili. Akisema tu "kruzi haifanyi kazi", fundi atabadilisha kifaa kimoja baada ya kingine kwa kubahatisha, na kila bahati ina bei yake. Akiweza kusema ni lini hasa kinakataa, na kinakataa vipi, kazi huwa fupi mno.

Katika pikapu za zamani kishika mwendo kina viungo vinne vikuu. Kuna vitufe kwenye usukani au kwenye kijiti cha pembeni, ambavyo dereva huvitumia kutoa amri. Kuna kipima mwendo, ama kwenye giaboksi ama nyuma ya spidomita, kinacholeta habari za gari linakwendaje. Kuna kisanduku cha umeme kinacholinganisha amri na habari hizo. Na kuna mkono wa kazi, yaani kitu kinachovuta kebo ya mafuta badala ya mguu. Mkono huo katika magari mengi ya miaka hiyo ni kopo lenye kiwambo cha mpira ndani yake. Injini ya petroli inapovuta hewa hufanya ombwe katika bomba la kuingizia hewa, na ombwe hilo, likipitishwa kwenye mrija mwembamba, hukivuta kiwambo, nacho huvuta kebo. Katika magari mengine, hasa ya Kijapani ya miaka ya 1990, kazi hiyo hufanywa na mota ndogo ya umeme yenye klachi ya sumaku. Injini ya dizeli haifanyi ombwe la namna hiyo, na kwa hiyo hubebeshwa pampu ya ombwe, ambayo mara nyingi hufungwa mgongoni mwa alternata.

Lakini kuna kiungo cha tano ambacho si cha kishika mwendo kwa asili, nacho ndicho chenye kesi nyingi kuliko vyote: breki. Dereva akigusa pedali ya breki, au ya klachi kwa gari la gia za mkono, mfumo mzima lazima uachie papo hapo. Kwa ajili hiyo waliounda magari waliuunganisha na swichi ya taa za breki, na katika mifumo ya ombwe wakaongeza valvu pale pale penye pedali inayofunguka na kulimwaga ombwe lote, hata kama umeme utakuwa umekosea. Matokeo yake ni kwamba kishika mwendo kikiwa na shaka yoyote juu ya breki, hukataa kuwaka. Kwa hiyo kukataa kwake mara nyingi ni habari kuhusu breki, na mwenye gari anayesema "nitaishi bila kruzi" huenda anaipuuza habari hiyo.

Fundi mzoefu, kabla ya kushika bisibisi, humwomba mtu asimame nyuma ya gari na kukanyaga pedali. Taa za breki zikigoma kuwaka, jibu linaweza kuwa limepatikana. Katika pikapu nyingi za zamani kisanduku cha kishika mwendo hupima usalama wa njia ya breki kupitia nyuzi za balbu zenyewe: balbu zikiungua, hukosa njia ya umeme kurudi kwenye bodi, nacho hujifunga. Ni jambo hilohilo linalowakuta vijana wanaobadilisha balbu za kawaida na kuweka zile za kisasa za LED. Taa zinawaka vizuri, zinang'ara hata, lakini kishika mwendo kimekufa tangu siku hiyo, na hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili.

Taa zikiwaka na zikawa hazizimi, kisa ni kingine, na joto la Muscat lina mkono wake. Baina ya pedali ya breki na swichi yake, katika magari mengi, kuna kipande kidogo cha plastiki au mpira kinachozuia chuma kisikutane na chuma. Kipande hicho hukauka, kikavunjika, na vumbi lake likaanguka sakafuni. Tangu hapo ncha ya swichi huingia katika tundu lililobaki wazi, na gari huamini kwamba dereva amekanyaga breki mchana kutwa. Kishika mwendo hakikubali, na asubuhi betri imelala. Anayekuta punje za plastiki zilizochakaa kwenye zulia chini ya pedali asizifagie kabla hajatazama juu zilikotoka. Kitu chenyewe ni cha bei ya chini kabisa dukani, na baadhi ya mafundi hukitengeneza kwa kipande cha mpira na kishikizo.

Kuhusu joto hilo, mfano mmoja watosha. Tarehe 26 Juni 2018, huko Quriyat, kusini mashariki ya Muscat, kipimajoto hakikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24 nzima, usiku ukiwemo. Chini ya boneti ya gari lililoegeshwa mahali kama hapo mipira haidumu. Mirija ya ombwe hugeuka migumu kama makuti makavu na hupasuka mahali inapojikunja. Ufa wenyewe unaweza kuwa mwembamba kiasi cha kutoonekana, lakini husikika: injini ikiwa inanguruma taratibu, sikio likisogezwa karibu, kuna mluzi mdogo. Dalili barabarani ni kwamba kishika mwendo hukubali amri, hushika kwa dakika moja au mbili, kisha mwendo unateleza kuelekea chini. Fundi hukata sentimita mbili za ncha iliyooza na kuusukuma mrija upya, au huubadilisha wote, jambo ambalo ni bora zaidi, kwa kuwa mrija uliopasuka mahali pamoja uko njiani kupasuka pengine.

Isichanganywe na hali ya kawaida. Pikapu yenye mzigo ikipanda mwinuko mkali wa Amerat, injini ikafunguliwa mafuta karibu yote, ombwe hupungua kwa maumbile, na kiwambo hukosa nguvu ya kuvuta. Magari mengi huwa na kopo la akiba la ombwe na valvu ya njia moja kwa ajili hiyo. Mwendo ukipungua kidogo kileleni, gari halina ugonjwa. Ukipungua tambarare, ugonjwa upo.

Baada ya mirija huja kebo. Injini ikiwa imezimwa, fundi huivuta kwa mkono na kuiachia. Irudi yenyewe, kwa haraka, bila kusita. Mchanga wa jangwani na unyevu wa bahari hufanya kazi pamoja katika jambo hili: mmoja huingia ndani ya ala ya kebo, mwingine huufanya ushikamane. Kebo iliyolegea hufanya mwendo upande na kushuka kama mawimbi, gari likivuta na kuachia, kuvuta na kuachia, mpaka abiria wa nyuma anaanza kulalamika tumbo. Kebo inayokwama ni jambo zito zaidi, na litarejewa baadaye.

Spidomita nayo ni shahidi wa bure. Mshale wake ukiruka, ukitetemeka au ukalala, kishika mwendo hakina habari za kufanyia kazi, na hakuna haja ya kulifungua kopo la ombwe. Aghalabu ni kipima mwendo kwenye giaboksi kilichoingia mafuta, au kebo ya spidomita iliyokauka. Na hapa kuna kosa ambalo limewagharimu watu wengi fedha. Kishika mwendo hakikubali amri gari likiwa katika mwendo mdogo. Magari mengi hutaka kwanza lifike kiasi cha kilomita 40 au 50 kwa saa. Fundi anayekijaribu katika vichochoro vya Wadi Kabir, katikati ya msongamano, atakikuta kimekufa kila siku, hata kikiwa kizima kabisa.

Honi pia ina la kusema. Katika magari ambayo vitufe vipo kwenye usukani wenyewe, umeme wake hupita kwenye utepe uliokunjwa kama kamba ya saa chini ya kifuniko cha usukani, utepe huohuo unaobeba waya wa honi na wa mfuko wa hewa. Honi na kishika mwendo vikinyamaza kwa pamoja, na fyuzi ikiwa nzima, utepe huo ndio wa kwanza kushukiwa. Kazi ya kuufikia si ya kujaribiwa nyumbani jioni. Mfuko wa hewa hufumuka kwa nguvu ya mlipuko, na fundi anayejiheshimu hutenganisha betri kwanza, akangoja dakika kadhaa umeme uliohifadhiwa uishe, ndipo akagusa kifuniko.

Pikapu za kuanzia miaka ya 2000 zimeleta utaratibu mwingine. Kebo imeondoka, pedali ya mafuta inatuma ishara tu, na kompyuta ya injini ndiyo inayofungua njia ya hewa. Kishika mwendo katika magari hayo ni mistari michache ya programu ndani ya kompyuta hiyo. Faida ni kwamba viungo vya kuharibika ni vichache. Hasara ni kwamba taa ya injini kwenye dashibodi ikiwaka kwa sababu yoyote ile, hata kihisio cha moshi kilichochoka, kompyuta nyingi hukizima kishika mwendo mpaka kosa lifutwe. Mwenye gari la namna hiyo huanza na mashine ya kusomea makosa. Toyota za miaka ya 1990 zilikuwa na njia ya kupendeza zaidi: fundi huunganisha matundu mawili ya plagi ya uchunguzi kwa kipande cha waya, na taa ya kishika mwendo huanza kukonyeza, mikonyezo ya makumi kisha ya mamoja, ikitaja namba ya ugonjwa wake.

Yapo magari ambayo hayatibiki kwa utaratibu huu wote, nayo ni yale yaliyokwisha kuzama. Kimbunga Gonu kilipoipiga Muscat mwezi Juni 2007, mabonde yaligeuka mito na magari mengi yakabaki yamejaa matope hadi kwenye viti. Baadhi yalioshwa, yakakaushwa na kurudi barabarani. Kimbunga Shaheen cha Oktoba 2021 kilifanya kama hayo katika mwambao wa Batinah. Waya uliolala majini huliwa polepole ndani ya ala yake, kijani kikiota kwenye viungo, na kishika mwendo, ambacho huishi kwa ishara ndogondogo za umeme, ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuyumba. Leo kinafanya kazi, kesho hakifanyi, keshokutwa kinafanya tena. Fundi akikuta mchanga laini ndani ya plagi zilizo chini ya zulia, ameshapata historia ya gari ambayo muuzaji hakuitaja.

Sasa ni zamu ya kisa kinachohitaji tahadhari kubwa kuliko vyote. Kampuni ya Ford iliweka katika mamilioni ya magari yake ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, pikapu za F-150 zikiwemo, swichi ndogo ya shinikizo iliyofungwa kwenye mfumo wa mafuta ya breki, karibu na silinda kuu. Kazi yake ilikuwa kukizima kishika mwendo dereva anapokanyaga breki kwa nguvu. Ndani yake kiwambo chembamba kilitenganisha mafuta ya breki na umeme. Kiwambo hicho kilikuwa kikichakaa, mafuta yakapenya upande wa umeme, na kwa kuwa swichi katika magari hayo ilipewa umeme wakati wote, hata ufunguo ukiwa umetolewa, moto uliweza kuanza katika gari lililoegeshwa na kusahaulika, barazani au ndani ya banda, wenyewe wakiwa wamelala. Kuanzia mwaka 1999 hadi Oktoba 2009 kampuni iliyaita magari hayo kwa awamu kadhaa. Jumla yake ilipita milioni 14, mojawapo ya miito mikubwa kabisa katika historia ya magari ya Marekani. Dawa ilikuwa nyepesi: kipande cha waya chenye fyuzi kilichowekwa kati ya swichi na umeme, na swichi mpya pale ya zamani ilipokuwa ikivuja.

Kisa hicho kinaihusu Ghuba kwa sababu moja. Magari yaliyotumika Marekani huuzwa minadani, hupakiwa melini na kufika bandari za Ghuba, na vipuri vyake hujaza maduka ya Sharjah, ambako mafundi wa Muscat pia hununua. Gari linaweza kuwa liliondoka Marekani kabla halijafanyiwa marekebisho, na swichi inaweza kuwa imetoka katika gari lililokufa. Dalili ya awali, katika baadhi ya magari hayo, ni hii hii inayozungumzwa: kishika mwendo kinaacha kufanya kazi ghafla. Kwa hiyo mwenye Ford ya miaka hiyo hufungua boneti kabla ya jambo jingine lolote, akatazama chini ya silinda kuu ya breki. Akiona unyevu kwenye swichi au kwenye plagi yake, au plastiki iliyobadilika rangi, hutenganisha betri na halilazi gari karibu na nyumba. Namba ya chasisi ndiyo inayoonyesha kama gari limo katika orodha ya walioitwa, na wakala wa kampuni anaweza kuisoma.

Hatari nyingine ni kinyume chake, kishika mwendo kisichotaka kuachia. Hutokea kwa nadra, aghalabu kebo inapokwama au zulia la sakafuni linapoibana pedali ya mafuta. Dereva hukanyaga breki kwa nguvu na moja kwa moja, bila kupampu, kwa kuwa kila pampu humaliza akiba ya ombwe inayoisaidia breki. Huweka gia huru, huzima swichi kuu ya kishika mwendo, na huacha injini ipige kelele inavyotaka huku gari likisimama pembeni. Kuuzungusha ufunguo mpaka mwisho gari likiwa kasini ni kosa kubwa, maana usukani unaweza kujifunga. Gari hilo halitakiwi kusogea tena ila kwa kukokotwa.

Pikapu iliyotengenezwa hujaribiwa mchana, katika barabara iliyo wazi na kavu, yenye magari machache. Dereva hufika kilomita 80, hubonyeza, huachia mguu, na jambo la kwanza analopima ni kuachia kabla ya kushika: hugusa breki kwa ncha ya kidole cha mguu na kusikiliza kama injini imetulia mara moja. Hurudia kwa klachi, kisha kwa kitufe cha kuzimia. Hayo yakitimia ndipo anapoangalia kama mshale umetulia. Ikiwa amefunga matairi ya jangwani yenye kipenyo kikubwa kuliko yale ya kiwandani, mshale unaweza kumwambia 120 gari likiwa limeshapita hapo, na kamera ya rada husoma lami, haisomi dashibodi.

Kati ya Juni na Septemba, msafiri anayekaribia Salalah hukutana na khareef, manyunyu na ukungu wa pepo za kusi unaovisha milima ya Dhofar nguo ya kijani. Familia nyingi za Muscat hufunga safari kwa ajili hiyo tu, watoto wakiwa wamejaa na mikeka imefungwa nyuma. Baada ya Thumrait barabara hufika kwenye mteremko wa milima, lami inalowa, na tairi linaloteleza kwenye maji hukidanganya kishika mwendo kuhusu kasi halisi ya gari. Wazoefu wa njia hiyo hukizima pale Thumrait, kabla ya tone la kwanza, na mteremko wote hadi mjini wanaumaliza kwa mguu wao wenyewe.